Kitabu cha nakshi za Gothiki kilichomnyima fundi usingizi

Swali: Mwalimu, shikamoo. Mimi ni seremala hapa Moshi. Parokia yetu imenipa kazi ya kutengeneza mimbari na ukuta wa mbao wa nyuma ya altare, na paroko anataka viwe "vya Gothiki", ule mtindo wa makanisa ya Ulaya ya zama za kati. Amenipa kopi ya kitabu cha zamani kisicho na jalada, kurasa mia na ushee, karibu zote michoro: madirisha, majani, vichwa vya nguzo, vinara. Maandishi machache yaliyomo ni Kiingereza cha kizamani, siyapati vizuri. Shida yangu ni kwamba badala ya kuanza kazi nakaa usiku kukipekua tu. Mke wangu anasema nimerogwa. Kwa nini vitabu hivi vinavuta mtu namna hii? Na je, nichonge vilevile ilivyochorwa, au nibadilishe? Halafu kuna mnyama mmoja wa ajabu ana mabawa, anatafuna jani. Huyo naye nimwingize kanisani?

Jibu: Marahaba, ndugu fundi. Mwambie shemeji hukurogwa. Au kama ni uchawi, basi ni wa kale, umewapata wengi kabla yako na mimi nimo. Nimefundisha uchoraji wa majengo tangu enzi za kalamu ya wino na karatasi ya kuonyesha, na hadi leo nikifungua ukurasa mmoja wa vitabu hivyo, chai inapoa mezani.

Nianze na huo mvuto, maana ukishauelewa, swali lako la kuiga au kutoiga litakuwa limejijibu nusu.

Jiulize vitu vilivyochorwa humo viko wapi hasa. Katika kanisa kuu la Amiens, kaskazini mwa Ufaransa, dari la mawe liko mita 42 juu ya sakafu. Yale mafundo ya darini mbavu zinapokutana, yale majani yaliyojikunja pembezoni mwa vinara vya paa (yaani vile vijimnara vyembamba vyenye ncha), muumini aliyesimama chini anaona mwanga, kivuli na kitu kama povu la mawe. Haoni jani. Aliyeliona jani ni fundi, siku lilipokuwa bado juu ya benchi karakanani, jiwe likiwa usawa wa kiuno chake na vumbi limemjaa kwenye nyusi. Likishapandishwa na kuwekwa mahali pake, wanaobaki kulitazama kwa karibu ni njiwa. Kisha inapita miaka mia tano, mia sita, anakuja mtu na ngazi, kamba ya kupimia na penseli, analishusha tena hadi mapajani mwako.

Ndiyo maana mtalii anafunua kurasa tatu na kukiweka chini, wewe unakesha nacho. Ukurasa ule umekukalisha kwenye kigoda cha fundi mwenzako. Mkono wako unajua patasi iliingilia wapi, unajua pale kwenye kona ya ndani alitumia ya duara na si bapa, na unajua alipofika pale alishusha pumzi. Hakuna tafsiri inayohitajika. Kiingereza cha kizamani kiache, nusu yake ni majina ya makanisa.

Na tena mambo hayo si mageni kwako kama paroko anavyodhani. Mchongaji wa milango ya Lamu au Unguja, kabla hajagusa mfaa kwa patasi, anaanza na bikari. Ua la petali sita linatoka kwenye duara moja kwa kutembeza bikari bila kubadili upana wake. Mtoto wa shule analichora nyuma ya daftari la hesabu. Waashi wa Ulaya ya zama za kati walikuwa na bikari hiyohiyo, ya chuma, mara nyingi kubwa kama ya kupimia shamba. Ukitazama madirisha ya kitabu chako kwa makini utaona yote yamezaliwa na bikari na rula. Hakuna mstari uliochorwa kwa kubahatisha.

Elimu hiyo ilikuwa siri ya kazi. Mwaka 1459 mabwana waashi wa nchi za Kijerumani walikutana Regensburg wakaandika kanuni zao, na mojawapo ilikataza mwashi yeyote kumfundisha mtu wa nje jinsi ya kupata umbo la kusimama kutokana na mchoro wa chini. Yaani, ukipewa mraba wa msingi wa kinara, unajuaje kirefuke kiasi gani, kipungue wapi, ua la kileleni liwe na upana gani? Hiyo ndiyo ilikuwa ugali wao. Sasa cheka kidogo: miaka 27 baadaye, mwaka 1486, katika mji huohuo wa Regensburg, mwashi mkuu wa kanisa kuu, Mathes Roriczer, ambaye pia alikuwa mchapaji, alitoa kijitabu kidogo kinachoeleza jambo hilohilo hatua kwa hatua.

Nikuonyeshe, maana utalitumia kwenye mimbari yako. Chukua kipande cha plaiwudi. Chora mraba wa sentimita 40 kila upande. Weka alama katikati ya kila upande, unganisha alama hizo nne. Umepata mraba wa pili, umesimama kwa pembe ndani ya ule wa kwanza. Upime, kila upande una sentimita 28 na milimita tatu hivi, na eneo lake ni nusu kamili ya eneo la kwanza. Rudia ndani ya huo wa pili, unapata wa tatu, wenye upande wa sentimita 20. Sasa uzungushe ule wa kati ulale sawa na wenzake. Miraba mitatu, mmoja ndani ya mwingine, na hukuhitaji futi wala hesabu ya kalamu. Kutoka hapo Roriczer anachota kila kipimo cha kinara: unene wa mwili wake, upana wa mfereji, mahali paa lake dogo linapoanzia. Ukianza na mraba mkubwa, kinara kizima kinakua pamoja nao. Ukianza na mdogo kinapungua, na uwiano haupotei.

Ndiyo sababu kurasa zako zinaonekana kama zina ndugu ndani yake. Kinara cha ukurasa huu na dirisha la ukurasa ule vinafanana sura kama watoto wa baba mmoja, na jicho linahisi hivyo kabla akili haijajua kwa nini. Sehemu kubwa ya huo "uchawi" ni hapo.

Roriczer hakuwa wa kwanza kuweka mambo ya ujenzi katika michoro. Kuna daftari la Villard de Honnecourt, Mfaransa wa karne ya 13, karatasi za ngozi 33 zilizosalia, ziko Maktaba ya Taifa mjini Paris. Huyu alikuwa kama wewe, mtu asiyeweza kupita mahali bila kuchora. Alichora mnara wa kanisa la Laon pamoja na ng'ombe wa mawe wanaochungulia kutoka juu yake, akaandika kwamba ametembea nchi nyingi na hajaona mnara kama huo. Ukurasa mmoja ana dirisha, mwingine ana simba, mwingine ana mashine ya kukatia mbao. Hakuna mpangilio. Ni daftari la mtu aliyevutwa, na mimi hulipenda kuliko vitabu vingi vilivyonyooka.

Kitabu chako, kwa jinsi ulivyokieleza, ni kitu kingine, ni mazao ya karne ya 19, na hapo lazima nikupe tahadhari.

Mtindo wa Gothiki ulishaachwa Ulaya kwa muda mrefu. Uliporudi kupendwa Uingereza, walioupenda kwanza hawakuujua. Mwaka 1742 bwana mmoja, Batty Langley, mtoto wa mtunza bustani, alitoa kitabu cha kuufundisha Gothiki adabu: akautungia aina tano za nguzo kwa kufuata sheria za Wagiriki na Warumi, kama mtu anayetaka kufundisha taarabu kwa tarumbeta za brasibendi. Mafundi wakanunua, wakajenga vibanda vya bustani na mahali pa kuotea moto. Horace Walpole, mwenye jumba maarufu la Gothiki kule Strawberry Hill, alimdhihaki sana. Lakini tatizo lilikuwa kweli: watu walitaka kujenga hivyo na hawakuwa na michoro ya kuaminika.

Aliyeliziba pengo hilo ni Auguste Charles Pugin, Mfaransa aliyehamia London akawa mchoraji wa majengo. Kati ya 1821 na 1823 alitoa juzuu mbili za sehemu za majengo ya Gothiki ya Uingereza zilizopimwa jiwe kwa jiwe. Nataka utilie maanani neno hilo: zilizopimwa. Hakuchora jinsi dirisha linavyopendeza jioni. Alichora umbo lake la mbele, akalikata kwa upande, na pembeni akaweka mstari wa kipimo. Baada yake vikamiminika vingine. James Colling alitoa juzuu mbili za nakshi tu kati ya 1848 na 1850. Ndugu wawili, Raphael na Arthur Brandon, wakachambua makanisa ya vijijini hadi bawaba za milango. Ofisi za wasanifu zilikuwa navyo mezani, navyo vikasafiri kwa meli hadi mahali ambapo hakuna mtu aliyewahi kuona kanisa la zama za kati. Sehemu kubwa ya Gothiki iliyojengwa ulimwenguni nje ya Ulaya ilijengwa na watu waliojua mtindo huo kupitia karatasi.

Nguvu ya karatasi katika mambo haya si ndogo. Kanisa kuu la Köln, Ujerumani, lilianza kujengwa 1248, kazi ikasimama mnamo 1560, na kwa karibu miaka mia tatu mnara wa kusini ulibaki kisiki chenye winchi ya mbao juu yake. Mwaka 1814 nusu ya mchoro wa awali wa uso wa kanisa, uliochorwa kwenye ngozi, ulipatikana mjini Darmstadt. Inasimuliwa watu walikuwa wakianikia maharage juu yake. Nusu ya pili ikapatikana Paris mwaka 1816. Ukiunganishwa, mchoro huo una urefu wa mita nne na zaidi. Ujenzi ukaanza tena 1842, ukamalizika 1880, minara ikafika mita 157. Mchoro wa zama za kati ulijengwa na mafundi waliokuwa tayari na treni na telegrafu.

Haya, turudi Moshi. Unataka kujua uige au ubadilishe.

Fungua kitabu chako, kila ukurasa utafute kitu kimoja: mchoro wa mkato. Ukikata fremu ya picha kwa msumeno kisha ukatazama pale ulipokata, umbo unaloliona ndilo mkato. Kitabuni mara nyingi ni kipande kidogo kilichojazwa rangi nyeusi au mistari ya mshazari, kimewekwa kando kama hakina kazi. Macho ya watu hukiruka na kukimbilia jani. Wewe anza na hicho. Kinakuambia mfereji una kina gani, ukingo umeinama kiasi gani, nini kiko mbele na nini kiko nyuma. Ukurasa wenye mkato ni wa fundi. Usio na mkato ni picha nzuri, ubandike ukutani.

Zamani mkato huo ndio uliokuwa kigezo. Bwana mwashi aliuchora kwa ukubwa wake halisi, wakaukata kwenye ubao mwembamba, na kila mkata mawe akapewa nakala ya kufuatisha kwenye jiwe lake. Kule York bado ipo sakafu ya plasta katika chumba cha waashi wa kanisa kuu, imejaa mikwaruzo ya michoro ya ukubwa kamili, moja juu ya nyingine. Na wewe fanya hivyo. Usichonge hata kitu kimoja kabla hujakichora kwa ukubwa wake kwenye plaiwudi na kukata kigezo.

Kuhusu ukubwa, angalia kopi yako. Kitabu kinaweza kusema mchoro ni robo ya ukubwa halisi, ila ulikwishapunguzwa kwenye mashine ya kopi, pengine mara mbili. Usipime kwa maneno. Pima kwa ule mstari wa kipimo ulio chini ya ukurasa, kama upo, kwa kuwa wenyewe umepungua pamoja na mchoro. Vipimo ni futi na inchi; futi moja ni sentimita 30 na nusu kasoro kidogo.

Hapo nina kisa changu. Nikiwa kijana mwenye kiburi cha diploma, niliombwa kusaidia kanisa moja kutengeneza mataji mapya ya nguzo za mbao. Nikachagua ukurasa mzuri kuliko yote, majani ya mwaloni, mishipa yote inaonekana, hata ukingo wa jani ulioliwa na mdudu. Tukachonga kwa saizi ya kitabuni, wiki tatu, mafundi wawili. Yakapandishwa mita tano juu. Siku ya kuzindua nikasimama mlangoni, nikatazama juu, nikaona andazi. Maandazi manne, moja kila nguzo. Mzee mmoja wa kanisa akaniuliza kwa upole kama kazi ya kuchonga itaanza lini. Mchoro ulikuwa umeniletea jani hadi puani, nami nikasahau kulirudisha lilikotoka. Kitu cha kuonekana mita tano juu kinataka majani machache, mifereji mirefu ya kwenda ndani na vivuli vizito. Mishipa midogo ni ya mimbari, mahali mkono wa msomaji unapofika.

Chukua tochi usiku, imulike kazi yako kutoka pembeni, halafu kutoka mbele. Ikimulikwa kutoka mbele nakshi inalala kama karatasi. Michoro ya vitabu hivi kwa kawaida huchukulia mwanga unatoka juu kushoto, kwa mshazari, ndiyo maana kila shimo linaonekana tamu. Kanisa lenu, kama mengi ya sasa, nadhani lina taa za tyubu darini na madirisha pande zote mbili. Vivuli vya kitabuni hutavipata bure. Muulize paroko kama mtu wa umeme anaweza kuweka taa moja kila upande wa altare, chini kidogo. Itasaidia kuliko wiki mbili za patasi.

Halafu mbao. Kitabu chako karibu chote ni mawe. Jiwe halina nyuzi, mninga unazo. Zile ncha zinazochomoza ndani ya dirisha, kati ya petali na petali, kwenye jiwe zinakaa karne nane. Kwenye mbao, ncha ikikatiza nyuzi, mtoto wa kwaya ataegemea na utaiokota chini. Njia ni mbili. Ama chonga kimia hicho cha dirisha juu ya ubao mzima bila kuutoboa, kina cha sentimita moja na nusu, nyuzi zikisimama wima. Ama kama paroko anataka mwanga upite, gundisha mbao tatu nyembamba nyuzi zikipishana, ndipo utoboe. Hilo la pili halina uzuri ukitazamwa kwa ubavu, lifiche kwenye fremu.

Kichwa cha paneli kichore hivi. Upana wa paneli ukiwa sentimita 60, weka ncha ya bikari kona ya kushoto, fungua hadi kona ya kulia, piga tao. Hamia kona ya kulia, piga jingine. Yanakutana sentimita 52 juu ya mstari wa kuanzia, na hilo ndilo tao la Gothiki lililo rahisi kuliko yote. Ndani yake chora pembetatu yenye pande sawa, kila pembe iwe kitovu cha duara lenye nusukipenyo cha nusu ya upande. Maduara matatu yatagusana bila kuingiliana, na pale yanapogusana ndipo ncha zako zinapotokea. Hiyo ndiyo mistari ya katikati. Unene wa mbao unaugawa kulia na kushoto ya mistari hiyo. Ukifanya kinyume, ukaanza na kingo, hutafika mwisho bila kugombana na mwanafunzi wako.

Hapa nimkumbuke Pugin mdogo, Augustus, mtoto wa yule Mfaransa, aliyelelewa katika vitabu hivi na baadaye akachora sehemu kubwa ya mapambo ya ndani ya Bunge la Uingereza lililojengwa upya baada ya moto wa 1834. Akiwa na miaka 15 tu alipewa kazi ya kubuni fanicha za kasri la Windsor, za Gothiki. Mwaka 1841, mtu mzima sasa, aliandika kwa uwazi kwamba fanicha zile zilikuwa makosa. Alikuwa amechukua vitu vya paa la kanisa akavipachika kwenye viti na meza. Aliwacheka wenzake, na kujicheka mwenyewe, kwamba mtu akikaa kwa muda katika chumba cha Gothiki cha siku zile akatoka bila kujeruhiwa na ncha yoyote, ashukuru bahati yake. Kinara juu ya paa kina kazi, uzito wake unasaidia kukandamiza nguzo isisukumwe na tao. Juu ya kona ya mimbari kazi yake ni kunasa mikono ya alba ya padre. Viweke kwenye ukuta wa nyuma ya altare, huko juu. Kwenye mimbari, ukingo wa duara.

Jambo jingine kuhusu kitabu: kinadanganya, ila kwa nia njema. Mchoraji akikuta jani limevunjika ncha, alilimalizia. Sura iliyoliwa na mvua akairudishia pua. Kwa hiyo unachokiona ni jinsi mchoraji wa karne ya 19 alivyoamini lilivyokuwa. Viollet-le-Duc, msanifu aliyekarabati Notre-Dame ya Paris na kuandika kamusi ya juzuu kumi kuhusu majengo ya kale ya Ufaransa, alisema wazi kwamba kukarabati jengo ni kulirudisha katika ukamilifu ambao pengine halikuwahi kuwa nao wakati wowote. Wale majini maarufu wanaoegemea ukingo wa minara ya Notre-Dame na kuutazama mji ni wake yeye, wa karne ya 19, ingawa kila mtu anayewapiga picha huwaona wa kale. Basi usione haya kurekebisha. Unarekebisha kilichokwisha kurekebishwa.

Kwetu pia mambo ya mchoro kutoeleweka yapo. Kanisa kuu la Kianglikana la Mkunazini, Unguja, lililowekewa jiwe la msingi sikukuu ya Krismasi 1873, lina nguzo karibu na mlango ambazo zimesimama kichwa chini, na inasimuliwa mafundi walizisimamisha hivyo Askofu Edward Steere alipokuwa safarini. Ziliachwa hivyo, na leo waongozaji watalii wanaishi kwa hadithi hiyo. Nawe andika "JUU" kwa penseli nyuma ya kila paneli.

Sasa majani, na huyo mnyama.

Mnyama kwanza. Kiumbe mwenye mabawa anayetafuna mmea ni wa kawaida mno katika makanisa ya zama za kati. Anakaa pembeni mwa matao, chini ya viti, mahali macho yanapofika yakiwa yamechoka. Hana dhambi. Lakini parokia si yako peke yako. Mwonyeshe paroko mchoro kabla, na kama anakubali, bado muulize mwenyekiti wa halmashauri ya walei, maana ni yeye atakayejibu maswali ya akina mama wa WAWATA Jumapili. Wakikataa, usibishane, pale alipokaa mnyama panaingia jani bila kubadili kigezo.

Na jani gani? Hapa ndipo ningependa uachane na kitabu. Katika Southwell, mji mdogo wa Uingereza, kuna chumba cha mikutano cha kanisa kilichochongwa mwishoni mwa karne ya 13, na majani yake yanajulikana kwa majina: mwaloni, mzabibu, mtambaazi wa ukutani, mhopi. Ni mimea waliyoijua wachongaji wenyewe, wengi wake ni ya vichakani na kingoni mwa mashamba yao. Kitabu kikakunakilia jani la mwaloni hadi Moshi, mahali hakuna mtu anayelifahamu, wakati fundi wa Southwell alichungulia nje ya uzio wake tu. Pugin mdogo mwaka 1849 alitoa kitabu cha mapambo ya mimea ambapo alichukua majani halisi, akayalaza bapa na kuyapanga kwa bikari, kwa sababu alikuwa amegundua kwamba ndivyo wazee walivyofanya: jani la kweli, mpangilio wa jometria.

Wewe una kahawa. Jani lake limetengenezwa kwa kazi hii: yanakaa mawili mawili yakitazamana, ukingo una mawimbi, mshipa wa kati umenyooka na ya pembeni inapinda kufuata ukingo, na tunda linajikusanya kwenye fundo pale majani yanapotokea, kama shanga. Kitabu chako kitakuonyesha jinsi jani linavyopanda kutoka shingo ya nguzo, linavyotoka nje na kujikunja juu. Huo mwendo uchukue wote bila kubadilisha kitu. Jani lenyewe libadilishe.

Kata matawi mawili asubuhi. Moja lilaze kati ya magazeti chini ya mbao nzito hadi kesho yake, lichore bapa, hilo ni la paneli. La pili liache mezani lenyewe. Ikifika jioni ya pili majani yake yataanza kulegea na kujikunja nchani, kuelekea ndani, na hapo chukua penseli haraka, kwa maana umbo lile ndilo utakalolikuta kwenye vinara vyote vya kitabu chako.